Namna ya kupima hewa ya mtaa wenu kwa vihisi: mwongozo kutoka Uyole, Mbeya

Asubuhi ya Juni, saa moja kasoro, panda kidogo upande wa mlimani halafu geuka uitazame Uyole chini. Moshi umelala juu ya mabati kama shuka, haupandi wala hauondoki. Bonde letu liko kati ya safu ya milima ya Mbeya na ile ya Uporoto. Usiku wa kiangazi hewa baridi huteremka kutoka milimani ikajaa chini, na hewa yenye joto kidogo hubaki juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa majiko, wa taka, wa matanuri ya matofali na wa malori yanayopasha injini kabla ya kuelekea Tunduma au Kyela, wote unabanwa humo mpaka jua lipate nguvu, saa tatu au saa nne hivi.

Kuuona tunauona sote. Ugomvi huanza pale mnapoulizana ni mwingi kiasi gani na unatoka kwa nani. Mwenye nyumba ya kando ya barabara atakwambia ni malori, dereva atakwambia ni wachoma matofali, na mchoma matofali atakuonyesha jalala. Ndiyo sababu mimi na wenzangu wachache tuliamua kutundika vihisi. Mimi ni fundi simu, sikusomea mazingira, na kama unaweza kubadilisha kioo cha simu basi kazi hii itakuwa nyepesi kwako. Kama huwezi, tafuta fundi mmoja mtaani mkae naye mchana mmoja.

Neno lenyewe kwanza. Mwanzoni tulikuwa tunasema "sensa", mpaka mzee mmoja akatuuliza kama ile ya Agosti 2022 haikutosha, maana kwake alishahesabiwa. Tangu siku hiyo tunasema kihisi. Na tunasema ubora wa hewa, kwa sababu ukisema unapima "hali ya hewa" watu watakuuliza mvua inanyesha lini.

Hatua ya 1: Pata swali kabla ya kununua chochote

"Tunataka kujua hewa yetu ikoje" halitoshi. Swali linalofaa lina mahali na lina saa. Kwa mfano: moshi unaoingia madarasani asubuhi unatoka barabarani au jikoni kwa shule? Jalala likichomwa Jumamosi, moshi unafika zahanati? Tanuri la matofali likiwashwa, nyumba za upande wa chini zinapata nini usiku?

Swali ndilo litakalokuambia unahitaji vihisi vingapi na vikae wapi. Kimoja peke yake kitakuambia kwamba moshi upo, jambo ambalo pua yako ilishakuambia bure. Viwili, kimoja karibu na unapopashuku na kingine mbali kidogo upande upepo unakotoka, vinaanza kukupa jibu. Sisi tulianza na vitatu. Kumi vya haraka haraka vitakuchosha, kwa sababu kila kimoja kinataka umeme, waifai na mtu wa kukiangalia.

Hatua ya 2: Jua kinapima nini, na hakipimi nini

Vihisi vya bei nafuu hupima chembe, na hasa zile zinazoitwa PM2.5, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi zaidi ya ishirini zingejipanga kukatiza unywele mmoja. Udogo huo ndio unaozifikisha ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia kwenye damu.

Ndani ya kihisi kuna feni ndogo inayovuta hewa, taa ya leza, na jicho linalotazama mwanga unavyotawanyika chembe zinapopita. Kutokana na mmweko huo kompyuta yake inakadiria uzito wa chembe. Inakadiria, haipimi kwa mizani. Haijui kama kilichopita ni moshi wa mkaa, moshi wa dizeli au tone la ukungu, na hilo litatusumbua huko mbele.

Mambo mawili myaelewe mapema. La kwanza ni vumbi. Lori likipita barabara ya udongo Agosti na kuacha wingu jekundu, utatarajia namba ipae. Mara nyingi haipai sana. Vumbi la barabarani lina punje kubwa, na vihisi hivi ni dhaifu kwa punje kubwa, hivyo husoma chini ya hali halisi. Mama mmoja wa genge la kando ya barabara alikaribia kutufukuza tulipomwambia kihisi kinasema hewa ni nzuri, naye anafuta nyanya zake mara ya nne tangu asubuhi. Alikuwa na haki. Kama tatizo lenu ni vumbi, kihisi hiki si shahidi wa kutegemea. Pigeni picha, hesabuni malori, tumieni macho.

La pili ni gesi. Kihisi cha chembe hakioni kabisa gesi ya kaboni monoksaidi, ile inayoua watu wakilala na jiko la mkaa ndani. Baridi yetu ya Juni na Julai inajulikana, na wapo wanaoingiza jiko chumbani na kufunga dirisha. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi mwingi, kwa hiyo kihisi kinaweza kuonyesha namba ndogo huku chumba kimejaa gesi. Mtu yeyote asije akakitumia kujiaminisha kwamba chumba chake ni salama. Jiko litoke nje kabla ya kulala.

Hatua ya 3: Vifaa

Unaweza kununua kihisi kilichokwisha kuundwa. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kina mradi wa AirQo ulioanza 2015, unaotengeneza vifaa vyake kwa mazingira yetu, vumbi na umeme wa kukatika vikiwemo. Kama mna mfadhili, anzeni hapo. Sisi hatukuwa naye, tukaunda wenyewe kwa mchoro wa Sensor.Community, mtandao wa wananchi ulioanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 2015. Seti nzima haifiki dola 100, wakati kituo rasmi cha kupimia hewa hugharimu makumi ya maelfu ya dola.

Vinavyohitajika ni hivi:

- kihisi cha chembe aina ya SDS011
- bodi ya NodeMCU yenye chipu ya ESP8266, yaani kompyuta ndogo inayosoma vihisi na kutuma vipimo kwa waifai
- kihisi kidogo cha joto, unyevu na kani ya hewa aina ya BME280
- nyaya fupi za kuchomeka, zenye vichwa vya kike pande zote mbili
- mpira mwembamba wa kuvutia hewa, tundu la milimita 6, urefu wa sentimita 20 hivi, na uwe mweusi
- chaja ya simu iliyo nzima na waya wa USB mrefu
- elbo mbili za PVC za inchi tatu, zile za maji machafu
- kipande cha chandarua na tai za plastiki

Usibane matumizi kwenye BME280 ukiona haina maana. Huku kwetu nyanda za juu, kihisi cha chembe kisicho na kipima unyevu pembeni yake ni nusu ya kazi. Mpira ninasisitiza uwe mweusi kwa sababu unaopitisha mwanga hulichanganya lile jicho la ndani.

Hatua ya 4: Kuunganisha

Hakuna kuchomea risasi hapa, labda BME280 yako ije bila miguu. Maandishi yapo kwenye bodi, yafuate:

Kutoka SDS011: TXD iende D1, RXD iende D2, GND iende GND, na 5V iende VU. Kwenye matoleo mengine ya bodi, VU inaandikwa VIN.

Kutoka BME280: VIN iende 3V3, GND iende GND, SDA iende D3, SCL iende D4.

Kosa la gharama ni kuichomeka BME280 kwenye volti 5. Nyingine huungua papo hapo bila hata kunuka, na utakaa siku nzima ukilaumu programu. Kagua mara mbili kabla ya kuwasha.

Hatua ya 5: Programu na waifai

Programu inayoendesha kihisi inaitwa airRohr. Kwenye kompyuta pakua kifaa cha kuipakia kutoka tovuti ya Sensor.Community, chomeka bodi kwa USB, chagua lugha, pakia. Kompyuta isipoiona bodi, karibu kila mara ni moja kati ya mambo mawili: draiva ya CH340, ile inayoiwezesha kompyuta kuongea na bodi, haijawekwa, au waya wako ni wa kuchajia tu na haupitishi data. Jaribu waya mwingine kabla ya kukata tamaa.

Ukiiwasha bodi, simu yako itaona waifai mpya inayoanza na jina airRohr likifuatiwa na namba. Hiyo namba ndiyo kitambulisho cha kihisi chako. Iandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya bomba na kwenye daftari. Ingia kwenye waifai hiyo, fungua kivinjari, andika 192.168.4.1, kisha chagua waifai ya nyumbani na nywila yake, tiki aina za vihisi ulivyofunga, hifadhi. Bodi hii inaelewa masafa ya 2.4 GHz peke yake. Kama unatumia hotspoti ya simu mpya, ingia kwenye mipangilio yake uibadilishe, la sivyo utahangaika.

Baada ya hapo sajili kihisi kwenye tovuti yao kwa namba ile, ili vipimo vionekane kwenye ramani. Kabla ya kuweka alama, muulize mwenye nyumba. Ramani hiyo anaiona mtu yeyote duniani, na kuna asiyependa paa lake lionekane. Alama ikikaa kwenye kona ya barabara iliyo jirani hakuna kinachoharibika.

Programu hutuma kipimo kila baada ya sekunde 145, yaani kama vipimo mia sita kwa siku. Kati ya kipimo na kipimo leza inalala. Hilo ni la makusudi: leza ya SDS011 imekadiriwa kuishi saa 8,000 za kuwaka, na ingewaka mfululizo isingemaliza mwaka. Umeme wenyewe usiwatishe wenye nyumba. Kifaa kinakula kama wati moja, kwa hiyo kwa mwezi mzima ni chini ya uniti moja ya LUKU. Waonyeshe hesabu hiyo mapema, maana hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Jambo la kuchekesha: ukifungua kipimo cha kani ya hewa utaona karibu 830, na rafiki yako wa Dar es Salaam atakwambia kifaa ni kibovu kwa sababu chake kinasoma 1,013. Hakijaharibika. Mbeya ipo mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Njombe utaona hata chini zaidi, karibu na 800.

Hatua ya 6: Vilaze pamoja wiki nzima

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo inayotenganisha kipimo na porojo. Kabla ya kuvisambaza, viweke vihisi vyote mahali pamoja, midomo imepishana kwa sentimita chache, siku saba. Vinavuta hewa ileile, kwa hiyo vinapaswa kusema kitu kilekile. Havitasema. Cha kwetu cha tatu kilikuwa kinasoma juu ya wenzake kila siku, mchana na usiku: wenzake wakisema 20, chenyewe 25.

Tofauti inayokaa palepale siyo mbaya, mradi uijue. Chukua wastani wa wiki wa kila kihisi, gawanya, pata kizidisho. Chetu kile cha tatu tunakizidisha kwa 0.8 kila tunapoandika namba zake. Tungekitundika bila kukijua, tungetangaza mtaani kwamba upande wa jalala kuna moshi zaidi, kumbe ni kifaa.

Ndani ya wiki hiyo fanya pia jaribio la ubani. Washa udi au ubani hatua mbili kutoka kwenye vihisi, uache dakika tano, uzime. Namba zipande pamoja na zishuke pamoja. Kinachokwama juu au kisichoshtuka kabisa kirudi mezani kwa fundi.

Hatua ya 7: Kutundika

Ingiza vifaa ndani ya elbo mbili zilizounganishwa zikafanya umbo la kiatu cha farasi, midomo yote miwili ikitazama chini ili mvua isiingie na hewa ipite. Funga midomo kwa chandarua. Kitundike mita 2 hadi 3 kutoka ardhini: watoto wasikifikie, lakini kiwe bado kwenye hewa ambayo watu wanaivuta. Kisipigwe na jua la moja kwa moja mchana kutwa. Kisiwe chini ya ukingo wa bati linalomwaga maji. Na kiwe mbali na dohani, dirisha la jiko, na mahali bodaboda wanapoegesha.

Haya ya mwisho nayaandika kwa aibu. Kihisi chetu cha kwanza tulikifunga kwenye nguzo ya kibaraza kilichotazama barabara kuu, tukiwa na hakika tunawapima malori. Siku ya pili tu namba ziliruka saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, zikashuka saa mbili na nusu, na kesho yake vilevile, na keshokutwa. Tukatengeneza grafu, tukaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa: malori ya alfajiri haya, mzee, angalia mwenyewe. Mwenyekiti akaitazama, akavaa miwani, akatazama tena, akauliza, "Hizi si saa za vitumbua?" Chini ya kibaraza, hatua nne kutoka kwenye kihisi, mama muuza vitumbua alikuwa anawasha jiko lake saa kumi na mbili kasorobo na kumaliza kuuza saa mbili na nusu. Kila siku isipokuwa Jumapili. Tukaangalia Jumapili: namba zilitulia.

Kwa hiyo kabla ya kufunga tai ya mwisho, simama pale utakapokitundika kwa saa nzima alfajiri na saa nzima jioni. Uone nani anapika wapi.

Hatua ya 8: Daftari

Tangu mambo ya vitumbua, daftari kwetu ni kifaa namba moja. Liwe la kawaida, la kurasa 80, lining'inie karibu na mlango kwa mtu aliyekubali kuandika. Ukurasa wetu mmoja wa Julai unasomeka hivi:

"Jumanne. 12:40 asb tanuri la nyuma ya mashine limewashwa, moshi unalala kuelekea mtoni. 1:10 ukungu mzito, mnara hauonekani. 2:00 umeme umekata. 5:15 umerudi. 10:30 jioni jirani anachoma mabua. 12 jioni upepo hakuna kabisa, nailoni imelala."

Nailoni ni utepe wa mfuko tulioufunga juu ya mti mrefu, ndiyo bendera yetu ya upepo. Inatosha. Unaandika upande ambao upepo unatoka, na kama upo au haupo. Bila taarifa ya upepo hutajua kama moshi wa tanuri ulikufikia au ulienda kwa wengine.

Andikeni saa jinsi mnavyozisema, saa moja ni saa moja. Halafu jihadharini na faili za kompyuta. Vipimo vinavyohifadhiwa kwenye mtandao vimewekwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ila kuna njia ya mkato ambayo sisi Waswahili tumepewa bure: chukua saa iliyoandikwa kwenye faili, toa tatu, unapata saa ya Kiswahili. Faili likisema 04:00, toa tatu, ni saa moja asubuhi. Likisema 10:00, ni saa saba mchana. Likisema 16:00 unapata kumi na tatu, toa kumi na mbili, ni saa moja usiku.

Hatua ya 9: Kusoma namba bila kujidanganya

Faili la siku lina safu nyingi, unazozihitaji ni mbili: P1 ni PM10, yaani chembe zenye upana wa mikromita 10 kushuka chini, na P2 ni PM2.5. Watu huzigeuza. Kipimo ni mikrogramu katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha viwango vyake. Kwa PM2.5, wastani wa saa 24 usizidi 15, na wastani wa mwaka usizidi 5. Kwa PM10 ni 45 na 15. Angalia neno wastani. Ukiona 80 saa moja asubuhi huwezi kusema "tumezidi kiwango mara tano", kwa sababu kiwango hicho ni cha siku nzima. Fanya hesabu kwanza. Tuseme saa nne za asubuhi zilikuwa na 80, saa nne za jioni 40, na saa kumi na sita zilizobaki 10. Hiyo ni 320, jumlisha 160, jumlisha 160: 640. Gawanya kwa 24, unapata kama 27. Imezidi 15, ndiyo, na hiyo ndiyo namba ya kupeleka kwenye mkutano.

Siku ambayo umeme ulikatika muda mrefu usiipe wastani. Sisi tunataka walau saa 18 za vipimo, la sivyo siku hiyo tunaiacha wazi. Umeme wetu hupenda kukatika jioni, na jioni ndipo majiko yanawaka. Ukijumlisha saa zilizobaki utapata siku safi ambayo haikuwepo. Pawabenki inayoweza kuchajiwa huku ikitoa umeme huokoa saa hizo, mradi na ruta nayo isizime.

Halafu usichanganye mikrogramu na ile fahirisi ya Marekani ya ubora wa hewa (AQI) yenye rangi za kijani, njano na nyekundu inayoonekana kwenye programu nyingi za simu. Kwenye fahirisi hiyo, 100 ni sawa na mikrogramu 35.4. Mtu akikurushia namba, muulize ni ipi.

Sasa ukungu. Chembe hunywa unyevu zikavimba, na matone ya ukungu yenyewe hupita mbele ya leza yakahesabiwa kama moshi. Uyole asubuhi za ukungu ni nyingi, na Tukuyu ndiyo usiseme. Unyevu ukipita asilimia 85 sisi tunaupaka mstari wa kipimo hicho rangi ya kijivu. Hatuufuti, lakini hatuujengei hoja. Njia nyingine ni kulinganisha vihisi: ukungu hupandisha vyote kwa pamoja, moshi wa jirani hupandisha cha karibu yake. Na pua bado inafanya kazi. Kama kihisi kinasema 120 na wewe unasikia harufu ya udongo mbichi na umande tu, andika hivyo kwenye daftari.

Tulipoondoa siku za ukungu na siku za umeme, kilichobaki kwetu kilikuwa na vilima viwili: alfajiri na baada ya magharibi. Katikati ya mchana, malori yanapopishana kwa wingi, hewa ilikuwa afadhali, kwa sababu jua limeshainua kile kifuniko na upepo unapuliza. Saa ya kuwasha moto ina uzito kuliko nilivyodhani. Takataka zilezile zikichomwa saa nane mchana hupanda na kupotea, zikichomwa saa moja usiku zinalala na sisi hadi asubuhi. Sisemi zichomwe mchana, bora zisichomwe kabisa, lakini ukianza mazungumzo na mtu ambaye gari la taka halimfikii, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 10: Kupeleka mtaani

Mwenye moshi umfuate kwanza nyumbani kwake, kabla hujamtaja popote. Mpe heshima yake, mwonyeshe grafu na daftari, mwache aseme. Mchoma matofali wetu alitueleza kwamba alikuwa anatumia kuni mbichi kwa sababu kavu zilipanda bei, jambo ambalo kihisi kisingetuambia kamwe.

Kwa mkutano wa mtaa tayarisha karatasi moja, grafu moja, sentensi tatu. Sema wazi kwamba ni vihisi vya bei nafuu na kwamba mlivilaza pamoja wiki nzima; ukilisema mwenyewe mwanzoni hakuna atakayekuumbua nalo mwishoni. Kutoka hapo karatasi iende kwa mtendaji wa kata, kwa afisa mazingira wa halmashauri, na ikibidi ofisi ya kanda ya NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, hapa Mbeya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kwa hiyo hamwendi kuomba fadhila. Omba jambo dogo linalowezekana: zamu ya gari la taka, au saa za kuwasha tanuri.

Shule ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zilielekezwa kuachana na kuni na mkaa kuanzia mwanzoni mwa 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameifikia ifikapo 2034. Tundika kihisi karibu na jiko la shule mwezi mmoja kabla ya jiko kubadilishwa na mwezi mmoja baada ya hapo, ukizingatia kwamba mvua huosha hewa: usilinganishe Agosti na Januari.

Matunzo

Mara moja kwa mwezi kipite mkono. Kabla ya mvua za Novemba kishushe kabisa, ukipanguse kwa brashi laini kavu, ukague kama maji yameingia, kisha uvirudishe vyote pamoja siku tatu nne uone kama vizidisho vyako bado ni vilevile.

Kihisi chetu cha pili kiliwahi kukaa siku kumi kikisoma 999.9, ambayo ndiyo namba kubwa kuliko zote kinayoweza kuandika kwa PM2.5. Kundi la WhatsApp la mtaa lilichafuka, watu wakaanza kuulizana barakoa. Nilipokishusha nikakuta chandarua kimeachia upande mmoja, na buibui amejenga mlangoni kwa mpira, utando umeingia hadi ndani mbele ya leza. Nilimtoa kwa mswaki wa zamani, nikapuliza, nikafunga chandarua kwa tai mbili badala ya moja. Baada ya dakika tano kikaandika 14.